Kadi ya Mwaka: Watatu au Wanne?

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nalisema hilo mapema ili aibu yangu ijulikane ukubwa wake. Wiki tatu nzima nilikaa na karatasi moja yenye maandishi ya rangi, nikapiga hesabu mbele na nyuma, na kila nilipofika mwisho nilikuta jibu jingine. Wanafunzi wangu wa Gredi ya Saba wangeniona wangenicheka mpaka wakae chini.

Karatasi yenyewe ilitoka kwenye bustani ya michezo iliyofunguliwa nje kidogo ya mji wa Garissa, upande wa mto. Mfanyabiashara mmoja alizungusha ukuta, akaweka bembea, mitelezo, bwawa la kuogelea, zile nyumba za mpira zinazojazwa upepo watoto wakarukaruka ndani, na gurudumu kubwa la chuma linalopandisha watu juu mpaka wakaona mabati ya mtaa wetu, Iftin. Jumatano ilikuwa ya wanawake na watoto, wanaume hawakanyagi. Ungeweza kulipa tiketi kila unapoingia, au ukanunua kadi ya mwaka ya familia na kuingia kila utakapo. Kadi zilikuwa aina mbili: moja ya wazazi na watoto watatu, nyingine ya wazazi na watoto wanne hadi sita. Hiyo ya pili ilikuwa ghali kuliko ya kwanza, tena si kidogo.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma, kwa sababu mimi nina watoto watatu, na nyumbani mwangu kulikuwa na watoto wanne.

Wa nne alikuwa binti wa shemeji yangu, ndugu wa mume wangu, anayeishi na mifugo yake karibu na Banissa, huko Mandera, safari ya siku mbili kwa lori ikiwa barabara ina huruma. Aliletwa kwetu mwaka wa ukame, ng'ombe walipokwisha na mbuzi wakabaki wa kuhesabiwa kwa vidole. Alikuwa na miaka minane. Baba yake alimteremsha, akakabidhi kibuyu cha maziwa yaliyokwisha kuganda njiani, akasema mtoto akae asome mpaka mifugo irudi. Hakuna aliyeuliza itarudi lini. Kwetu mtoto wa ndugu haombewi nafasi. Anafika, anawekewa sahani, basi.

Kuna msemo wa Waswahili niliojifunza chuoni nikaupenda: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku hatulimi, kwa hivyo siku ya tatu nilimpa ufagio. Nilikuwa nikiusimulia mzaha huo mbele ya wageni na watu wakicheka, naye akiwa pale pale anafagia. Miaka miwili niliurudia, na miaka miwili sikumtazama usoni nilipokuwa nikiusema.

Basi nilianza na kuhesabu siku, kwa kuwa kadi ya mwaka ni siku, si kitu kingine. Mwaka una siku nyingi ukiziangalia kwenye kalenda. Nikatoa siku za shule. Nikatoa Jumamosi na Jumapili asubuhi, watoto wako duksi wakisoma Kurani. Nikatoa saa zote kati ya saa nne na alasiri, kwani Garissa wakati huo hata mbuzi anatafuta kivuli, na mtelezo wa bati ungewakaanga makalio. Nikatoa Ramadhani. Nikatoa likizo ndefu, maana likizo wanangu huenda kwa nyanya yao Wajir kunywa maziwa ya ngamia na kurudi na chawa. Nikasema angalau Idd zimebaki. Kisha nikasoma maandishi madogo chini ya karatasi: siku za sikukuu kadi haitumiki.

Niliitupa ile karatasi sakafuni. Mtu anakuuzia mwaka halafu anaung'oa macho! Nikaiokota tena. Mara nikapata siku thelathini na moja, mara nikapata tisa. Nikajaribu kuweka Jumatano zote za alasiri, nikakumbuka madaftari ya kusahihisha, nikakumbuka msimu ambao mto hufurika na barabara ya upande ule ikawa matope. Nikarudi tisa.

Nyumbani tunasema Kisomali, lakini mimi na mume wangu tukigombana hugombana kwa Kiswahili. Mimi nimezoea kukemea watu darasani kwa lugha hiyo, naye amejifunza kupunguza bei nayo sokoni, anakonunua mbuzi wa kupeleka Nairobi. Alinitazama na kalamu yangu, akasema kwa ulimi wake wa Kisomali usiojua z wala v, "Wewe mwanamke, nani hununua malisho ya mwaka msima kabla hajaona mfua?"

"Si malisho. Ni bustani ya watoto."

"Mali yangu italiwa, kwa hifyo ni malisho."

"Basi unasemaje? Tununue au tusinunue?"

"Wallahi, fanya unafyoona," akasema, akatoka kwenda msikitini. Hivyo ndivyo mume wangu anavyokusaidia kuamua jambo.

Nikaona heri tukajionee wenyewe. Jumatano moja nikawapeleka wote wanne kwa tiketi za kawaida. Wanangu waliingia kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Mkubwa wangu alikwenda kwenye gurudumu mara tano, yule wa katikati alimeza nusu ya bwawa, na mdogo alilia tulipomtoa kwenye nyumba ya mpira. Binti wa Banissa nilimlazimisha apande gurudumu mara moja. Alipanda akiwa amefumba macho na kushika chuma kwa mikono miwili, akashuka akatapika pembeni kwa adabu, akafunika kwa mchanga. Kisha akakaa kwenye benchi na viatu vya watoto wote mapajani. Nilipomwambia akaruke na wenzake alisema, "La, eeddo, nimetosheka." Eeddo ndilo jina aliloniita siku zote, shangazi, jina la heshima.

Nikafurahi. Jibu limepatikana: huyu hataki michezo, kwa hivyo ni kadi ya watatu.

Kabla ya kuondoka nikapita ofisini kuuliza masharti. Nilikuwa na bahasha yangu ya vyeti, kitambulisho changu, cha mume wangu, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wanne kwa sababu vinakaa pamoja. Karani alikuwa dada mpole aliyetoka "Kenya", kama wazee wetu wanavyoita Nairobi na kila kilicho ng'ambo ya daraja. Akaingiza majina yote kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Madam, mashine inataka jina la mwisho lifanane. Ndiyo ijue ni familia."

Nikamweleza kwamba sisi hatuna jina la nyumba. Mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na mwanamke akiolewa habadilishi kitu, anaondoka duniani na jina la baba yake. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akaanza kulinganisha kwa kidole kwenye kioo.

"Hawa watoto wanne hawana shida. Wote wanamalizia jina moja. Hawa ni wa familia moja kabisa." Alikuwa sawa, wote wanne wana babu mmoja. "Baba naye, jina lake la katikati ndilo lao la mwisho, huyo naweza kumpitisha." Kisha akaniangalia mimi. "Lakini wewe, madam, wewe ni nani yao?"

Sijui kama umewahi kuulizwa swali hilo mbele ya watoto uliowazaa. Nilipandwa na hasira. Nilimwambia watatu kati ya hao nimewabeba tumboni, mmoja akatolewa kwa kisu, na kovu ninalo, kama mashine yake inataka kuliona nivue hapa hapa. Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Dada wa watu akasema pole madam, si mimi, ni mashine, na kwamba ningeweza kuandikwa kwa mkono pembeni, mahali palipoandikwa "mlezi".

Mlezi! Nikakusanya vyeti vyangu nikatoka. Huo ulikuwa mkanganyiko juu ya mkanganyiko: kwenye karatasi, mtoto wa watu aliyeletwa na lori alikuwa wa nyumba yangu bila maelezo, na mimi ndiye niliyekuwa mgeni.

Njiani binti akanisogelea. "Eeddo, ile mashine ilijuaje?"

"Ilijua nini?"

"Kwamba mimi ni wa familia."

"Mashine haijui kitu," nikamwambia, bado natokota. "Hata mimi haikunijua."

Tangu siku hiyo hakuniacha. Akiwa anapika anjera, chapati zetu za maji, asubuhi: eeddo, kadi ina picha? Ina. Akiwa anamvisha mdogo wangu: eeddo, picha ya kila mtu au ya wakubwa tu? Ya kila mtu. Imeandikwa itaisha lini? Imeandikwa. Mwezi au mwaka? Mwaka, si ndiyo maana inaitwa ya mwaka! Kisha siku mbili baadaye: eeddo, tutanunua? Tutaona.

Sikumwelewa hata kidogo. Wanangu walioipenda bustani walikuwa wamekwisha kuisahau, wanacheza na matairi uani. Huyu aliyetapika ndiye aliyekuwa akiulizia kadi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nilidhani labda anataka picha. Watoto wanapenda picha. Nikamwambia nitampiga picha kwa simu, hata kumi. Akasema asante, kwa sauti ya mtu aliyepewa asichoomba.

Nikarudia hesabu zangu. Kama ni wanne, je, mtu anayekaa kwenye benchi amehudhuria au hakuhudhuria? Nitagawa kwa watatu au kwa wanne? Mwalimu mzima, nilimwuliza mwenzangu wa sayansi swali hilo shuleni, akadhani ni fumbo.

Kisha baba yake akapiga simu kutoka Banissa. Ilikuwa baada ya alasiri, tumekaa uani sote, mume wangu akaweka spika. Mvua ilikuwa imenyesha, alisema, mvua ya kweli, mabwawa yamejaa, mbuzi wanazaa pacha. Tena mke wake amejifungua mtoto wa kiume. Sote tukasema alhamdulillah, mume wangu akasema mara tatu, wanangu wakapiga makofi kwa ajili ya mbuzi.

"Mifugo imerudi, walaal," shemeji akasema, akimwita ndugu kwa Kisomali chake cha polepole. "Na mama yake anahitaji mkono. Muhula ukifungwa, mtieni msichana kwenye lori."

"Haya, walaal," mume wangu akajibu. Ingekuwaje ajibu vingine? Mtoto ni wa mwenyewe.

Binti aliinuka, akaenda kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa vimeoshwa. Aliviosha tena, kimoja kimoja, akavipanga, akavipangua. Nilimwangalia mgongo nikajiambia masikini, amejawa na furaha mpaka hajui afanye nini, atamwona mama yake.

Na mimi nilifurahi. Naliandika kwa sababu ni kweli. Niliwaza, sahani moja itapungua, na zile hesabu zimejitatua zenyewe: watoto watatu, kadi ya watatu. Lakini usiku huo chakula changu niliwagawia wanangu, na sikujua kwa nini. Nikasema labda ni nyama ya mchana.

Jumatano iliyofuata nikaenda kununua. Nilikusudia kwenda peke yangu, binti akasema atanisindikiza kubeba mfuko. Mfuko haukuwa na kitu. Nikamwachia aubebe. Alikuwa amevaa hijabu yake ya Idd na kupaka mafuta usoni, na njia nzima alitangulia hatua mbili mbele yangu.

Karani alinikumbuka. Nani angemsahau mama wa kovu? Akafungua kompyuta yake akatabasamu kwa woga. "Karibu tena, madam. Tuliamua? Watatu au wanne?"

"Watatu," nikasema.

Akaanza kuandika. Ndipo binti alipoweka mikono yote miwili juu ya kaunta. Ilibidi asimame kwa ncha za vidole. Hakunitazama mimi. Alimtazama karani, akasema kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa akiiogopa hata darasani, na alisema bila kusita kwa namna inayoonyesha kwamba alikuwa ameyakariri:

"Miye siruki. Sibandi gurudumu, siingii maji. Nitakaa kwa benchi nishike fiatu. Niandike tu."

Karani aliacha kuandika. Akanitazama. Mimi nikamtazama mtoto, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu mzima yeyote. Wiki hizo zote nilidhani anaulizia michezo. Alikuwa anaulizia tarehe. Kadi ina picha yake, ina jina, na imeandikwa mpaka mwaka ujao, na ni nani aliyewahi kumlipia mtoto mwaka mzima mahali halafu akamtia kwenye lori mwisho wa muhula? Alikuwa ameianza hesabu yake siku ile ya kwanza, kwenye foleni, akaimaliza zamani. Mimi nilikuwa bado nagawa kwa tisa.

"Hutaki kwenda kwa mama yako?" nikamwuliza kwa Kisomali.

Alifikiri. "Nataka," akasema. "Nataka na shule."

Jibu gani hilo? Mama yake amejifungua na hana wa kumshika mkono. Baba yake hajakosea, alisema mpaka mifugo irudi, nayo imerudi, tena kwa pacha. Mume wangu ameshasema haya. Mimi ni nani yake? Kwenye ile mashine mimi si mtu hata wa wanangu. Na mwaka mmoja wa shule ni nini? Nimeona wasichana wakikatishwa Gredi ya Nne, nimeona wengine wakikatishwa kidato cha nne, wote wakaolewa tu. Sikuwa na hakika hata kama ninachokaribia kukifanya ni wema au ni kiherehere.

"Wanne," nikamwambia karani.

"Sawa. Lakini nikuambie mapema, madam, ukishalipa pesa hairudi. Hata mtoto akihama."

Hapo kitu kikanijia. Sikufungua mkoba. Nilitoa simu, nikampigia shemeji huko Banissa. Baada ya salamu, na salamu zetu ni ndefu, za watu, za mbuzi, za mtoto mchanga, nikamwambia kuna jambo. Nimemlipia binti yake.

"Umemlipia nini?"

"Mahali. Hapa Garissa. Watoto wote wanne, mwaka mzima."

"Madrasa?"

"Mahali pa watoto," nikasema. "Nimeshalipa."

Karani aliutazama mkoba wangu uliofungwa. Nikamgeuzia mgongo.

Nilisikia mbuzi wakilia upande wa pili, wengi. "Waambie wakurudishie ya mmoja," akasema.

"Hairudi."

"Hata ukisema msichana ameitwa kwao?"

"Hata. Wamesema hapa hapa, mbele yangu."

"Wezi hao."

"Wezi kabisa," nikakubali, na dada wa watu aliyekuwa nyuma yangu hakuwa na kosa lolote.

Nilimjua shemeji yangu. Ni mtu ambaye atatembea kutwa jua kali kutafuta mwanambuzi mmoja aliyepotea, si kwa uchoyo, bali kwa sababu mali kupotea bure kwake ni dhambi karibu na dhambi nyingine. Nilisikia akiongea na mtu pembeni, na sauti ya mwanamke ikijibu kitu kirefu ambacho sikukisikia. Ile sauti ya mwanamke ndiyo iliyonichoma. Sikujua anasema ndiyo au anasema hapana.

"Basi akae aumalize huo mwaka," akasema mwishowe. "Mali ya mtu isiende bure. Mama yake nitamtafutia msichana wa jirani."

Nikashukuru, nikakata. Kisha ndipo nikafungua mkoba nikalipa, haraka kama mwizi. Karani alinipa fomu. Kwenye ile nafasi ya "mlezi" niliandika jina langu, la baba yangu na la babu yangu, kwa herufi kubwa.

Binti alikuwa amesikia yote. Nilidhani atacheka, au atalia, nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Alisimama tu akiwa ameukumbatia ule mfuko mtupu.

"Na mwaka ukiisha, eeddo?"

Nilitaka kumwambia Mungu mkubwa, nilitaka kumwambia tutaona, na yote mawili yakakwama kwa kuwa amekwisha kuyasikia ya kutosha kutoka kwangu.

"Sijui," nikamwambia. "Lakini babako nimemdanganya leo, na umeona naweza. Nitamdanganya tena."

Karani akamwita mbele ya kamera, akamwambia atabasamu. Hakutabasamu. Alijinyoosha, akarekebisha hijabu, akaitazama ile kamera bila kupepesa mpaka alipoambiwa imetosha.